Mwanangu Aliniita Kutoka Ndani ya Jeneza, Nikaendelea Kuigiza

Nilimpokonya Mama Brayo simu nikaitumbukiza ndani ya beseni la povu. Tulikuwa juu ya paa tukianika nguo, naye akanichekelea: "Mama Mwende, leo marehemu wako ameenda nasari?" Kisha akaicheza ile klipu ya filamu inayozunguka mtandaoni. Sauti ya mwanangu ikatoka: "Mama, nitoe!"

Simu yake nitamlipa. Kosa ninalotubu ni hiyo sauti.

Jirani wetu wa chini hapa mtaani Tassia tunamwita Dairekta. Alikuwa anatengeneza filamu ya kuchekesha kuhusu watu wanaotengeneza filamu bila pesa: kamera ya kuazima, waombolezaji wanaolipwa chapati, na dairekta mjinga anayetaka kuliza dunia nzima. Mimi sekondari nilikuwa nyota wa drama. Aliponipa nafasi ya mama aliyefiwa, nilikubali kabla hajamaliza kusema. Na mtoto je? "Tumia wangu," nikasema. Mimi! Kwa mdomo wangu!

Mwende, si jina lake halisi, ana miaka minne. Angelala kwenye jeneza, sisi tulie, apige chafya, waombolezaji watoroke. Basi.

Jeneza tuliazima kwa fundi mmoja wa majeneza kule Kariobangi. Mzee yule hakucheka. "Mama, mtoto hajaribishwi jeneza kama kiatu." Nikamwona mshamba.

Tulipopiga picha mara ya kwanza na ya pili, Mwende mwenyewe alicheka. Ya tatu, Dairekta akasema kifuniko kifungwe, itachekesha zaidi. Nikakifunga kwa mikono hii. "Usiogope, mami yuko hapa."

Chafya haikuja. Alipiga ubao kwa ngumi. "Mama, nitoe! Mama, kuna giza!"

Nilisikia. Naapa nilisikia! Lakini kamera ilikuwa inanitazama mimi, machozi yalikuwa yanashuka vizuri, na Dairekta ananipungia mkono: endelea, endelea. Nikaendelea kulia juu ya kifuniko. Juu ya mwanangu!

Dairekta akairusha sehemu hiyo mtandaoni, na sasa watu wanavunjika mbavu. Watoto wa ploti yetu wanamfuata Mwende hadi kwenye ngazi: "Mama, nitoe! Mama, nitoe!" Chooni hafungi mlango tena. Nikimfunika shuka, anaishika ukingo kwa mikono miwili isipite kifua. Na hajaniuliza chochote. Heri angeniuliza! Ananitazama tu.

Nilimwomba Dairekta aitoe klipu hiyo. Akacheka. "Madam, hiyo ndiyo inabeba filamu yote. Uliigiza kama mama wa kweli."

Dada zangu, mkiambiwa ni mchezo tu, muulizeni kwanza yule atakayefungiwa ndani.

Jumatatu nilienda ofisi ya chifu. Karani akaandika: mlalamikaji ni mimi, kwa niaba ya mtoto. Ombi: klipu iondolewe, na sehemu hiyo ikatwe kwenye filamu. Mlalamikiwa wa kwanza, Dairekta.

"Kuna wa pili?"

Nikamtajia jina langu.

Akainua kalamu. "Mama, hilo umeshanipa hapa juu."

"Najua. Andika tena."