Aliyekuja Kwanza Kuomba Moto

Mama yangu hanunui kibiriti. Hela anayo na duka lipo, lakini kwake yeye moto wa asubuhi huombwa kwa mtu. Kila kukicha huchukua kigae chake, huvuka uwanja mpaka jikoni kwa mdogo wangu wa kiume anayeishi naye boma moja, hupewa makaa, hurudi kuwasha mafiga yake. Anasema kigae ndicho kinachompa habari. Mdogo wangu na mkewe wakigombana usiku, anajua. Mtoto wa jirani akilala na homa, anajua. Ndivyo alivyofundishwa na mama mkwe wake, nami nimekulia katika moto huo wa kuombana.

Macho yake ni mekundu. Huku kwetu Itilima kuni ni za shida, tunapikia miti ya pamba na mavi ya ng'ombe yaliyokauka, na moshi wake hauna huruma. Nalisema hili mapema kwa sababu Usukumani mwanamke mzee mwenye macho mekundu tunajua anaitwaje, na wako waliouawa kwa jina hilo la uchawi. Sisemi ili nimtishe mtu. Ndivyo ilivyo.

Mimi ninaishi Bariadi mjini, nina mgahawa mdogo, na Jumapili nafundisha watoto kanisani. Mwaka mmoja nilikwenda nyumbani kusaidia kuchambua pamba, nikakuta kanisa letu la kijijini lina mgeni. Mchungaji wetu ana mitaa mingi ya kuhudumia na pikipiki moja, hivyo wazee wa kanisa walikuwa wamemkaribisha mtumishi fulani kutoka mbali, mwenye spika zake na jenereta yake, aendeshe mkutano. Watu walikuwa wamevuna, nani angekataa mkutano?

Kusema kweli, mwanzoni nilimpenda. Alijua kuimba, alijua kuchekesha, na Biblia aliifungua bila kutafuta ukurasa. Nilipiga makofi kama wenzangu. Mtu asikudanganye kwamba uongo huja na harufu yake. Ungekuja hivyo, nani angeumeza?

Halafu akamwita wifi yangu mbele. Wifi, mke wa huyo mdogo wangu, alikuwa amepoteza mimba moja baada ya nyingine, na kijiji kizima kilijua. Mtumishi akamwekea mkono kichwani, akafumba macho, akasema kwenye kipaza sauti: "Kikulacho ki nguoni mwako, binti yangu. Kesho asubuhi, mtu wa kwanza kuja mlangoni kwako kuomba kitu, kitu chochote, huyo ndiye anayekula tumbo lako. Bwana amenionyesha."

Kanisa likaitikia amina. Mdogo wangu akageuka akamtazama mama kwenye benchi la akina mama, kisha akainamisha kichwa. Watu kadhaa walifuata macho yake. Hapo nikaelewa kwamba mama yangu ameshahukumiwa, na hukumu ni kesho.

Damu ilinichemka, lakini kilichonitia baridi ni kwamba maneno yale niliyafahamu. Nilikuwa mtoto wakati ndama wetu walipokufa mfululizo, na marehemu baba, ambaye wakati huo alikuwa hajabatizwa, akaenda kwa mganga. Mganga akamwambia: atakayekuja kwanza kuomba chumvi ndiye. Akaja jirani yetu, mama wa watu, kuomba chumvi ya mboga. Basi. Hawakumpiga, walimnyamazia tu, salamu haziitikiwi, kisimani anapishwa kama mgonjwa, mpaka akafunga mizigo akahamia mbali, Sola, na wanawe. Miaka baadaye baba alipobatizwa, kitu cha kwanza alichofanya ni kuswaga mtamba mmoja wa ng'ombe kwa miguu mpaka Sola, yeye na mama, kumwomba yule mwanamke msamaha. Hakuna mhubiri aliyemtuma. Alisema hawezi kula meza ya Bwana na yule mama yuko ugenini kwa ajili yake.

Kwa hiyo mimi nina kipimo, na sikukisoma chuoni. Roho iliyomshika baba ilimpeleka Sola. Hii ya kwenye spika ilikuwa inamtuma mdogo wangu amgeukie mama yake mwenyewe. Mganga alikuwa yule yule, kabadilisha nguo tu.

Ibada ilipokwisha nilimfuata mzee wa kanisa, mtu ninayemheshimu, aliyenifundisha katekisimu. Nikamwambia, "Baba, umesikia alichosema? Hiyo si ni ramli ya mganga?"

"Mwanangu, tusimguse mtumishi wa Mungu," akasema. "Ana upako. Tusije tukapata laana."

"Na mama yangu nani atamgusa kesho? Maandiko yametutaka tuzipime roho, baba, hayakusema tuziogope. Pamba yenyewe karani haipokei bila kuzamisha mkono katikati ya gunia. Ninyi mmepokea gunia zima kwa kuangalia juu yake tu."

Akaniambia nina hasira. Nikamwambia ndiyo, ninayo.

Nyumbani nilimkuta mama anachambua mchele kwenye ungo. Nikamsihi kesho asitoke, nimnunulie kibiriti, au twende wote Bariadi na bodaboda jioni ile ile. Aliendelea kutoa mawe kwenye mchele. Kisha akasema, "Nikiondoka, nimekiri. Nikikaa ndani, watasema nilijua nikajificha. Wamenizoea nikiomba moto, nitakwenda kuomba moto." Alisema kwa upole ule wake usiopingika. Ni mkaidi mama yangu, na mimi sikuokotwa.

Nikalala nimeshakata shauri.

Mbingu ilipoanza kupauka nikaamka kabla yake, nikaokota kigae kingine nyuma ya zizi, nikavuka uwanja. Nilipiga hodi jikoni. Wifi alikuwa amechuchumaa mbele ya moto, na mdogo wangu amekaa kwenye kigoda akiutazama mlango. Alikuwa anasubiri. Kuona kwamba alikuwa anasubiri kuliniuma kuliko yote.

"Mwangaluka," nikawaamkia. "Nimekuja kuomba moto."

"Dada, wewe?" mdogo wangu akasema. "Wewe hujawahi kuomba moto hapa."

"Leo naomba. Mtumishi hakusema aliyezoea, alisema wa kwanza. Wa kwanza ni mimi. Haya, simama uwaite watu."

Hakusimama.

"Kama neno lile ni la Mungu, basi mimi ndiye ninayekula wanao, mimi niliyekubeba mgongoni mama akiwa shambani. Niite mchawi nikusikie. Na kama hilo jina linakushinda kunipa mimi, usithubutu kumpa mama."

Wifi akaanza kulia. "Mimi nataka mtoto tu, wifi," akasema. Nilikaa chini nikamshika. Nilimpenda sana saa ile, na nilimhurumia. Sikumwahidi mtoto, siwezi kusema kwa kinywa cha Mungu. Nilimwahidi kwenda naye hospitali ya Bariadi na kupiga magoti pamoja naye, yote mawili, bila kumtafutia mtu wa kumtupia lawama.

Tukiwa bado hivyo, mama akatokea mlangoni na kigae chake. Akatutazama wote. "Mmeamkaje?" akasema.

Kisha mdogo wangu akanyanyuka, akachukua kigae mkononi mwa mama, akatia makaa, akavuka uwanja akiyabeba yeye. Aliinama kwenye mafiga ya mama akapuliza. Miti ya pamba ilikuwa imelala na umande, moshi ukamvaa, akapuliza tu mpaka ikashika.

Tulikwenda mkutanoni wote wanne. Mama nilimkalisha benchi la mbele. Mtumishi hakuchelewa, alitaka ushuhuda wake. Akawasimamisha wifi na mdogo wangu, akauliza kwenye kipaza sauti, "Waambieni watu wa Mungu. Ni nani aliyekuja asubuhi?"

Mdogo wangu alikuwa na macho mekundu kwa moshi, na watu wakayaona.

"Alikuja dada yangu," akasema. "Halafu akaja mama yangu. Wote wawili nimewapa moto, na kesho wakija nitawapa."

Mtumishi akasogeza kipaza sauti kwingine. Mzee wa kanisa, aliyekuwa ameketi nyuma yake, akainuka polepole, akaenda akazima jenereta.