Magoti Yangu Yalimdanganya Laurenti

Sifa na shukrani kwa Mungu aliyenipa uzee huu, ingawa siustahili. Ndugu msomaji, nimekosa. Nilisema uongo wa neno moja tu, na neno hilo nalisikia kila ninapopiga magoti.

Mimi ni katekista wa siku nyingi huku Kibimba, wilaya ya Ngara. Jina langu naomba nilifiche. Jirani yangu nitamwita Laurenti.

Miaka kadhaa iliyopita nilishikwa na bawasiri. Aibu gani kwa mtu anayefundisha watoto wa Komunyo ya kwanza! Chooni nilitoka damu, na kinyama kikachungulia nje. Kukaa kwenye benchi kulikuwa kama kukalia makaa.

Ukafika mwezi wa Rozari, tunaposali kila jioni nyumba kwa nyumba. Wenzangu walikaa kwenye mikeka. Mimi nilipiga magoti mwanzo hadi mwisho. Haikuwa ibada, jamani! Niliogopa kukaa. Lakini akina mama wakanong'ona, "Mzee huyu kweli ni mtu wa Mungu." Nami nikanyamaza. Sifa zilininogea!

Hata Ngara mjini sikwenda kwa bodaboda. Nilipanda kilima cha mjini kwa miguu nisikalie kiti cha pikipiki, watu wakasema najitesa kwa ajili ya toba. Kumbe naenda hospitali kwa siri.

Daktari, kijana mpole, alinipima hata kwa kidole. Nilifumba macho.

"Mzee wangu, hii ni mishipa ya damu ya njia ya haja kubwa, imevimba. Choo kigumu na kujikamua ndivyo vimekuletea. Shambani unakunywa maji?"

"Nakunywa nikirudi jioni."

"Na chakula?"

"Ugali wa muhogo."

Alicheka kidogo. Akaniambia ninywe maji mchana kutwa, nile mboga za majani, maharage na matunda, nisiahirishe haja wala nisikae chooni muda mrefu. Akanipa dawa, na akasema nikalie maji ya uvuguvugu kwenye beseni. Mke wangu peke yake ndiye aliyejua. "Mume wangu," aliniambia, "hilo beseni sasa ni lako. Mimi nguo zangu sifulii humo tena!"

Baada ya wiki chache nikapata nafuu. Hapo ndipo ningepaswa kusema. Sikusema. Niliendelea kupiga magoti, mzima kabisa!

Jioni moja tukitoka kusali, Laurenti akanitania, "Mwalimu, hayo magoti yako ni ya chuma?" Kisha akashusha sauti. "Mwenzako kukaa kunanishinda. Natoka damu chooni. Wewe hayo hayajawahi kukupata?"

"Mimi? Hapana."

Hapana! Neno lenyewe ndilo hilo.

Nikaongeza, "Mtolee Mungu maumivu yako. Piga magoti tu, utazoea."

Kesho yake alipiga magoti pembeni yangu. Mwezi wa Rozari ukaisha, naye akaendelea kila jumuiya ilipokutana. Akakonda. Viganja vyake vikawa vyeupe. Niliona! Kila nilipotaka kumwambia, niliwakumbuka wale akina mama na sifa zao.

Alianguka akipalilia maharage, ndipo akapelekwa hospitali. Haikuwa bawasiri. Ilikuwa saratani ndani ya njia ya haja kubwa, na ilikuwa imeshasambaa. "Kama angekuja mapema..." daktari alimwambia mkewe.

Nilipokwenda kumwona alinishika mkono. "Mwalimu, nimejitahidi. Ila magoti yangu si kama yako."

Nikasali naye, nikaondoka. Tulimzika kabla ya Pasaka.

Sasa kila rozari ikifika nyumbani kwake, mjane wake hunitandikia ule mkeka wa mumewe. "Mwalimu, hapa ndipo alipokuwa anasali na wewe." Mkeka umetoboka mahali pawili, pa magoti yake. Nami nayaweka yangu humo humo. Kila Salamu Maria namsikia akiniuliza, "Hayajawahi kukupata?" Ee Mungu wangu!

Oktoba inakuja. Nimeahidi mbele ya Mungu kwamba mama yule akinitandikia tena, nitaukunja mkeka ule, nitakaa kwenye kiti watu wote wakiona, na nitamweleza. Akinifukuza, ni haki yake.

Wewe unayetoka damu chooni, usijitibu kwa kukisia kwamba ni bawasiri tu. Nenda upimwe! Na wewe uliyepona, mwenzako akikuuliza kwa sauti ya chini, mjibu ukweli. Aibu yangu ilikuwa ya dakika moja. Ningeivumilia dakika ile, labda Laurenti angekuwa anapalilia maharage yake leo.

Mungu akulinde wewe unayesoma, akupe afya ya mwili, na akupe ulimi wenye ujasiri kuliko wangu. Amina.