Mama Mkwe Kwenye Usukani

Wanafunzi wake walimwita Breki, kwa sababu ndilo neno alilolitamka kuliko yote maishani mwake, tena kwa sauti ya kumwamsha maiti. Alikuwa mwalimu wa udereva, mfupi, mchangamfu, na suruali zake zote zilikuwa zimepauka goti la kulia kwa kusuguana na mpini wa gia.

Breki alikuwa na elimu yake mwenyewe ya binadamu, na ole wako umbishie. Watu, alisema, wako wa aina tatu. Wapo wa macho: hao wachoree barabara ubaoni, wasogezee maboksi ya viberiti mezani kama magari, watakuelewa. Wapo wa masikio: hao waambie, warudie, ukipenda waimbie. Na wapo wa mikono: hao usipoteze chaki yako, watie kwenye gari umwombe Mungu. Alidai kwamba akimwona mtu anavyofunga kamba za viatu tu, keshajua yuko kundi gani. Na wanafunzi wake walifaulu kweli, ndiyo maana mtaani alitembea kifua mbele mpaka vifungo vya shati vikawa mashakani.

Basi akaja mama mkwe wake.

Mama huyo alikuwa dobi. Alifua mashuka ya nyumba za wageni, na kila siku aliwabembeleza madereva wa watu wambebee mafurushi, huku pikapu aliyoachiwa na marehemu mumewe ikilala uani chini ya turubai. Alikuwa ameshafanya mtihani wa leseni mara mbili, akitokea vyuo vingine, na mara zote mbili akaangushwa.

"Mkwe wangu," alisema, amekaa dawati la mbele kabisa na mkoba mapajani, "nikianguka na safari hii, pikapu nauza. Nitakubali tu kwamba kichwa changu kibovu. Si nimeambiwa tangu utotoni?"

Breki akacheka, akasema hakuna kichwa kibovu. Kicheko hicho hakikudumu. Alichora ubao mzima. Mama akausifu mwandiko. Alipanga maboksi ya viberiti kwenye njia panda. Mama akayakusanya, akayapanga vizuri pembeni kama mashuka. Alipoeleza kwa mdomo, mama alimkatiza kila sentensi: "Kwa hiyo, baba, unataka kusema klachi ni kama..." Naye Breki, kwa adabu zote, akamjibu, "Mama, naomba tunyamaze kwanza, tusikilize." Mama akafumba mdomo, na macho nayo kama yakafumba.

Barabarani ndiyo usiseme. Gari liliruka kama chura, likazimika mbele ya duka, likawaka, likalifuata duka lenyewe. Mwenye duka akafunga mlango. Mwanafunzi mwingine angefokewa mpaka asahau jina la ukoo wake, lakini utamfokeaje mama aliyekuzalia mke? Breki alijikunja kitini, jasho likimtiririka, akinong'ona, "Breki, mama. Tafadhali. Shikamoo mama, breki!"

"Mama anaendeleaje?" mkewe alimuuliza nyumbani.

"Anaendelea."

"Anaendelea wapi?"

"Mtaroni," alisema Breki, akaomba maji ya kunywa.

Mtihani ulipokaribia, walikwenda kwenye uwanja mtupu, na Breki akaomba wabadilishane viti ili amwonyeshe yeye mwenyewe. Kwa jinsi alivyokuwa amechanganyikiwa, mwalimu mzima akaachia klachi ghafla. Gari likashtuka, likazimika.

"We!" Mama mkwe aliruka kitini. "Unaachia klachi hivyo, umekanyaga nyoka? Rudisha gia huru. Washa. Klachi chini yote, yote nimesema! Haya, gia ya kwanza. Sasa iachie taratibu mpaka usikie gari linatetemeka, hapo ndipo mafuta. Na vioo je? Au vimewekwa urembo?"

Breki aliyapima maneno yake moja moja. Hapakuwa na neno hata moja la makosa. Akaondoa gari, akakosea tena, safari hii makusudi. Mama akamshukia kwa kidole. Akakata kona bila indiketa. Mama akamtajia ukoo mzima wa watu wasio na indiketa. Walikuwa wakicheka wote wawili, gari likienda upogoupogo.

"Mama, shika usukani," Breki alisema. "Endesha huku unanifundisha mimi. Mimi ndiye mwanafunzi, tena mjinga."

"Mjinga hasa," alikubali mama kwa furaha, na akauzunguka uwanja wote, akifundisha, bila kuzima gari.

Aliposimamisha gari, aliutazama usukani. "Shuleni nilichapwa kwa ajili ya mdomo huu," alisema. "Mwalimu akisema kitu, mimi mpaka nimwambie jirani yangu ndipo kiniingie. Wakanifunga kitambaa mdomoni. Nikaacha shule."

Breki aliona aibu, kwa kuwa kitambaa hicho hicho yeye naye alikuwa akimfunga mama kila siku, kwa adabu. Halafu furaha ikamzidi, akatoka garini akirukaruka. "Wa mdomo! Kuna kundi la nne!"

Siku ya mtihani alikuja afisa mwembamba, uso umekunjamana.

"Mwanangu, nikiongea ni kosa?" mama aliuliza.

"Sheria haikatazi, mama."

Maskini, hakujua alichofungulia. Gari lilipompita, Breki alisikia dirishani: "...unamwona yule wa baiskeli, kijana? Usimwamini. Punguza." Waliporudi, afisa alikuwa amekaa wima, mikono magotini, akiitikia, "Ndiyo, mama."

"Amefaulu," alimwambia Breki, akijifuta paji la uso. "Na mimi nadhani nimefaulu."

Breki alicheza pale pale, mbele ya watahiniwa wote.

Siku iliyofuata mama alitoa turubai, akapakia mafurushi, akampandisha mkwewe kwenye pikapu. Breki alitafuta kwa mguu breki yake ya mwalimu, akakumbuka humu haipo. Walipita sokoni, wakaingia mzunguko, wakapisha lori, wakatoka salama. Ndipo akagundua ukimya. Tangu nyumbani, mama hakuwa amesema neno.

"Mama, mbona huongei?"

"Nishajua, baba," alisema mama, akabadilisha gia.