Samaki wa Kwenye Kioo

Soko huria lilipoleta viwanda vya minofu ya sangara Mwanza, kimoja kiliniajiri niwe mtaalamu wa kompyuta. Utaalamu wangu ulikuwa kozi fupi ya Dar es Salaam na shati jeupe. Kiwanda kilikuwa na seva moja, yaani kompyuta kuu iliyohudumia nyingine zote, na meneja aliiweka ofisini kwake, mahali ambapo wageni kutoka Ulaya wangeiona kabla ya kuona samaki.

Kompyuta ya mizani ilikuwa mapokezi ya samaki, chini ya mama mmoja wa Kisukuma, mpole, asiyependa makelele. Samaki wakishapimwa, uzito ulipaswa kufika kwenye seva ndipo stakabadhi itoke. Basi stakabadhi zikaanza kuchelewa. Malori yaliyovuka ziwa kwa kivuko cha Kigongo yalipanga foleni hadi nje ya geti, barafu ikiyeyuka, madereva wakiuliza kwa nini zamani, enzi za kalamu, walikuwa wakiondoka mapema.

Nilikwenda kwa meneja, nikashika kipanya cha seva, nikapiga simu mizani. Mama akasema sasa inakwenda vizuri. Nikatoka, ikakwama. Nikarudi, ikapona. Nilibadilisha nyaya, nikazima na kuwasha, nikalaumu umeme, ambao miaka ile ulilaumiwa kwa kila kitu. Habari zikaenea kiwandani kwamba mashine inaniogopa. Mlinzi wa getini, mzee niliyezoea kumwamkia kila asubuhi, akaanza kuniwahi yeye na shikamoo.

Meneja akaona dawa imepatikana. Aliagiza niletewe kiti, nikae na seva kutwa. Nikakaa, nikichezacheza na kipanya, na kazi ikaenda. Nilianza hata mimi kujiamini.

Kisha siku moja, wageni wakiwa njiani, aliniomba niondoe mkono ili kioo kionyeshe samaki wake. Ilikuwa programu aliyoinunua safarini na kuiweka mwenyewe: seva isipoguswa kwa muda, samaki wa rangi wanaogelea kioo kizima. Nikatii. Samaki walipotokea tu, simu ikalia.

“Mwanangu, imekwama,” mama wa mizani akasema.

Niligusa kipanya, samaki wakatoweka. Nikafungua dirisha linaloonyesha kazi ya prosesa, ule ubongo wa mashine: mstari ulikuwa chini, umetulia. Nikaliacha wazi, nikaondoa mkono, nikangoja. Samaki wakarudi, simu ikalia tena. Nilipogusa kipanya, mstari ulikuwa umepanda hadi juu kabisa, na sasa ukaanguka.

“Mzee,” nikamwambia meneja, “samaki hawa ndio wanaoichosha seva. Kuwachora wakiogelea kunamaliza nguvu yote ya prosesa, kwa hiyo mizani inasubiri.”

Alionekana kama mtu aliyeambiwa mtoto wake ana makosa.

“Watoe,” akasema. “Ila wageni wakija, warudishe.”

Nikawatoa, na mizani haikukwama tena, isipokuwa siku za wageni. Siku hizo niliwarudisha kama nilivyoagizwa, na wageni waliwasifu sana. Mmoja wao, akichungulia dirishani, aliuliza kwa adabu mbona malori ni mengi hivyo getini.

Meneja akamjibu kwamba biashara imekuwa nzuri mno.