Moshi wa Orval Stidham

Orval Stidham aliendesha lori la gesi katika vilima vya Missouri, Marekani, miaka arobaini, akajua kila kona, kila mbwa mkali na kila mjane mwenye kahawa nzuri. Alipostaafu alijinunulia bastola mpya, kofia pana na viatu vya visigino, akajiunga na kikundi cha wazee wanaojivika kama wachunga ng'ombe wa kale na kupiga shabaha sahani za chuma mara moja kwa mwezi. Usicheke. Wako wazee wanaofuga njiwa, na wako wanaofuga fitina.

Macho yake yakaanza kumtupa mkono. Vibao vya barabarani vilififia, kisha nyuso za watu, mpaka dunia nzima ikawa kama inaonekana kupitia chupa ya maziwa. Mwenye akili angeshuku mtoto wa jicho. Orval alilaumu kiwanda cha rangi za vibao. Mkewe, Nadine, alikuwa mpishi wa shule, na mwanamke aliyewahi kulinda sufuria dhidi ya watoto mia tatu hadanganyiki kirahisi. Alimtazama mumewe akimwaga mchuzi mezani, pembeni kabisa mwa sahani, akamwambia neno moja tu: Jumamosi, siku ya kikundi kupiga shabaha, akikosa zote, funguo za pikapu atazichukua yeye, na Jumatatu watakwenda kwa daktari wa macho. Orval akakubali. Angekataa, angekuwa amekiri.

Daktari hakumtisha. Kilichomtisha ni baraza. Baba yake alimalizia uhai wake kwenye kiti cha barazani, akiuliza kila gari lililopita ni la nani, na watu wakimjibu kwa sauti ya kubembelezea watoto. Dereva asiye na funguo ni pambo la nyumba, na Orval hakuwa na sura ya kupamba chochote.

Ndipo alipowaza baruti nyeusi, ile ya mababu, ambayo risasi moja hutoa wingu la kufunika zizi. Wahesabuji husimama kando wakitazama nani amekosa. Sasa ndani ya moshi kama ule wangetazama nini? Akamwendea Dub Yocum, fundi wa matrekta, aliyekuwa na baruti hiyo na vyombo vya kujazia maganda ya risasi, wakashinda kutwa karakanani wakijaza risasi. Sababu hakumweleza. Alisema anapenda historia, na Dub, aliyemjua tangu utoto, akajua huo ni uongo lakini hakuona haja ya kupoteza burudani.

Wakaenda kuijaribu malishoni kwa Dub. Mlipuko wa kwanza ulikuwa mzito, na moshi wake mweupe ulinuka mayai viza. Ng'ombe walihama bila kuaga. Orval alicheka mpaka akakohoa. Risasi ya nne haikutoka: masizi yalikuwa yameibana silinda, kile kitundu-tundu cha kushikia risasi, haizunguki mbele wala nyuma. Dub akamwambia kwamba wazee walipaka risasi mafuta ya kondoo ili masizi yalainike. Orval hakuwa na kondoo. Alikuwa na kopo la mafuta ya bekoni, nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi, ambalo Nadine hulitunza kando ya jiko, na mafuta hayo huko kwao ni kitoweo, ni dawa, ni karibu dini. Akaiba nusu kopo.

Silinda ikazunguka kama imezaliwa upya. Asubuhi yake bastola ilikuwa na upele wa kutu, kwa kuwa bekoni ni chumvi tupu, na huyu bwana hakulifikiria hilo. Akaisugua kwa maji ya moto na sabuni, akiomboleza bei yake, kisha akapaka risasi mafuta yaleyale. Heri kutu kuliko baraza.

Jumamosi hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani. Orval aliposimama kwenye mstari, mbwa wawili wa watu walikuja kumnusa mfukoni. Nadine alikuwa miongoni mwa wahesabuji watatu. Alivuta pumzi, akainusa bekoni yake, akamwangalia mumewe.

Orval akafyatua. Baada ya risasi ya kwanza hakuna aliyeona kitu, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza. Lakini masikio hayazibwi na moshi. Ngee! Ngee! Risasi tano, milio mitano. Akarudisha bastola kwenye ala, akavua kofia na kuinama kama bwana harusi.

Moshi ulichukua muda kupanda. Dub alianza kucheka kabla haujaisha, kisha wote wakacheka, isipokuwa Nadine. Alimsogelea mumewe taratibu.

"Umepiga zote tano," alisema.

"Si nilikwambia?"

"Zile nyekundu, Orval. Kubwa, za nyuma, za bunduki ndefu. Za bastola ni hizi nyeupe za mbele."

Orval akakaza macho. Hapo mbele, hatua chache tu kutoka alipo, aliona majani, na juu ya majani maziwa.

"Nyeupe zipi?" akauliza.

Hapo kicheko kilikatika. Mficha maradhi kilio humuumbua, lakini huyu aliumbuliwa na shabaha nzuri. Dub akainama kuokota maganda ambayo si yake.

Orval akatia mkono mfukoni, akatoa funguo zilizojaa mafuta ya bekoni, akamkabidhi mkewe. Wakaondoka Nadine akiendesha, tena vibaya, akikanyaga breki kila kona, na mumewe akijizuia kusema. Walikaribia mtoni ndipo alipofungua kinywa.

"Tangu Pasaka sijauona uso wako vizuri. Niliogopa kukwambia."

Nadine aliteremsha mwendo mpaka pikapu ikasimama katikati ya barabara ya watu, akajipangusa shavu kwa mkono wenye mafuta.

"Hujakosa kitu, mzee wangu," alisema. "Nimezeeka tu."

"Basi Jumatatu tuwahi," akasema Orval. "Usije ukamaliza kuzeeka mimi sijaona."