Kiti cha Mgeni kwa Anti Rispa

Harufu ya vanishi mbichi hunisimamisha njiani. Pale Kawangware, mafundi wanapopanga viti vyao kando ya barabara, naweza kupoteza asubuhi nzima nikipapasa mbao za watu na nisinunue hata kigoda. Napenda viti, nisiwafiche. Napenda kigoda cha miguu mitatu cha kwetu magharibi, kile cha kuchongwa kwa gogo moja bila msumari, kwa sababu sakafu iwe mbovu namna gani, hakiyumbi. Napenda hata hizi sofa mpya zenye vifungo mgongoni kama koti la bwana harusi. Lakini nikikutana na kiti cha mbao chenye mikono, kabla sijakisifu huchuchumaa kwanza nikaitazama miguu yake.

Tulikuwa tukiishi Lindi, si ule mji wa pwani bali mtaa wa mabanda wa mwendo wa miguu kutoka Kawangware, mama na mimi, katika chumba kimoja. Mama alikalia kigoda, mimi nilikalia mtungi wa plastiki wa maji. Kwa hivyo mnaweza kuelewa raha niliyoipata kila Jumapili tulipomtembelea Anti Rispa, dada mkubwa wa mama, aliyekuwa na nyumba ya mawe huko Kawangware. Sofa zake zilivikwa vitambaa vyeupe vya kufuma, na juu yake walijazana wanawe wakitazama katuni. Karibu na mlango, peke yake, kilikaa kiti cha mgeni.

Kilikuwa kizuri, hilo simnyimi aliyekitengeneza. Mgongo wake mrefu ulikuwa na fito nyembamba zilizopinda kufuata uti wa mtu, mikono yake ikajikunja mwishoni kama mkia wa kinyonga, na mbao ziling'aa hata ukaona sura yako. Siku ya kwanza Anti alimkaribisha mama hapo, naye mama alikaa kidogo, akainuka, akasema, "Wacha mtoto akae," kisha akavuta stuli ya jikoni. Mimi nikapanda kama chifu.

Shida ilikuwa moja tu: nilikuwa nateleza. Kila nikiegemea, makalio yalikuja mbele taratibu, hadi nikalazimika kushika mikono ya kiti na kukaza vidole vya miguu sakafuni. Chai ikiisha, mapaja yanauma. Nilidhani ndivyo heshima ilivyo, lazima ichoshe kidogo. Kule Lindi niliwaringia wenzangu kwamba kwa Anti kuna kiti changu mimi.

Mwaka mmoja mama alikosa kazi ya kufulia watu nguo, na Anti akaahidi kwamba shule zikifunguliwa nitahamia kwake, nisomee huko. Jumapili ya mwisho ya likizo tulitembea hadi Kawangware, mama amejitwika begi langu, ndani yake sare na viatu vilivyopakwa rangi. Nilikalishwa palepale.

Chai ikiwa bado moto, aliingia fundi jirani, aliyeitwa kurekebisha sofa moja iliyolegea. Aliponiona alitabasamu, akakipigapiga kile kiti mgongoni.

"Kumbe hii kiti bado iko," alimwambia Anti. "Miguu za mbele nilikata kidogo, vile uliniambia. Bado inafukuza wageni?"

Watoto wa Anti walicheka. Anti naye alicheka, akasema fundi huyu anapenda mzaha, kisha akaanza kumimina chai katika kikombe ambacho kilikuwa kimejaa. Mama hakucheka. Aliuliza begi langu liwekwe wapi.

"Mama Nekesa, ile ya mtoto kuhamia ilikuwa story tu," Anti alisema bila kumtazama. "Nyumba imejaa. Tuone term ingine."

Muhula huo haukuja. Husemwa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi hata hilo jembe sikulifikia.

Tulirudi kwa miguu. Kabla hatujafika Makina, mtaa wa njiani, nililia kwa hasira, nikaapa kwamba sitamwamkia Anti tena, maana ametudanganya sisi sote wawili. Mama alilisawazisha begi kichwani.

"Mimi nilijua," alisema. "Nilikalia hiyo kiti siku ya kwanza."

Nilisimama. Anti alikuwa amenisaliti, lakini usaliti huu wa pili ndio ulioniingia. Kila Jumapili mama aliniona nikikaza miguu, akanisikia nikijigamba mtaa mzima, na hakusema neno. Nilimuuliza kwa nini.

"Mtu mkubwa akichoka anaaga," alisema. "Wewe ulikuwa hujui, ulikuwa unakaa tu. Nilitaka Anti akuzoee."

Sikumwelewa, na kwa miaka mingi sikumsamehe. Sasa nina mtoto wangu, na ninaelewa. Mama aliona kiti cha kufukuza watu, akatafuta mtu asiyejua kwamba anafukuzwa, akanipata mimi. Hakuwa na mwingine. Ninaelewa yote hayo, na bado inaniuma. Angeniambia ukweli, pengine ningekaa vilevile, tena kwa bidii zaidi. Lakini ningekaa nikijua.