Nyaya za Fundi Yohana

Mwanangu, siku ninayoikumbuka kuliko nyingine zote ni ile Jumamosi ya mwezi wa saba nilipochuchumaa kwenye stoo ya viazi ya babu yako, hapa Njombe, nikakata nyaya zote za pikipiki yake kwa plaizi. Nje sakitu ilikuwa haijayeyuka kwenye majani. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, lakini nilikuwa na furaha, kwa sababu niliamini nafanya kazi ya kitaalamu.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa nimemaliza chuo Dar es Salaam, nina digrii ya umeme na sina kazi. Wewe ulikuwa hujazaliwa. Sasa nina thelathini na moja, sina mvi hata moja, na najua kuwa nasaha ni haki ya watu wa umri wa babu yako. Ila yeye hatalisimulia jambo hili. Nimemwomba mara mbili, akanijibu, "Lisimulie wewe, ni la kwako." Basi nakuandikia, utasoma ukishakua.

Pikipiki yenyewe unaijua, ile kubwa ya Kijerumani ya masafa marefu, yenye silinda mbili zilizotokeza huku na huku na masanduku mawili ya chuma nyuma. Ililetwa na mmisionari mmoja, naye aliporudi kwao akaiacha. Babu yako alikuwa mwinjilisti, akaiendesha miaka mingi kwenda kwenye mitaa ya mbali ya kanisa, hadi Mawengi kule Ludewa, akiwa amevaa koti la mvua na Biblia ameifunga kwenye nailoni. Ilipochakaa kabisa ikafufuliwa na rafiki yake, Fundi Yohana wa Makambako. Walikaa nayo karibu mwaka mzima, wakiifungua na kuifunga. Umeme wake wote Yohana aliufanya upya kwa mkono wake.

Babu alipostaafu pikipiki ikawekwa stoo, ikafunikwa turubai. Ikakaa hapo mpaka mwaka ule, habari zilipokuja kwamba Fundi Yohana ni mgonjwa. Moyo. Miguu imevimba, hatoki kitandani. Baba yangu, yaani huyo babu yako, alipanda basi akaenda kumwona, akarudi. Wakati wa chakula akasema, "Yohana ana ombi moja tu. Anataka aisikie ile pikipiki ikiingia uani kwake. Anasema akisikia mlio wake atajua kama bado tunaitunza."

"Tutaipeleka," nikasema. "Mimi nitaendesha, wewe utakaa nyuma."

Mwanangu, zile wiki za kwanza zilikuwa nzuri. Tulifungua injini juu ya gunia. Tukabadilisha ringi za pistoni, tukasafisha kabureta, tukatafuta matairi. Baba alikuwa ananishikia tochi na kunikosoa, mimi namjibu, naye anacheka. Kila kitu alichoniambia nilimuuliza kwa nini. Kwa nini oili hii na siyo ile? Nani alisema? Alinivumilia. Wakati mwingine alijibu, "Sijui, ila ikifanywa hivyo inakwenda," na jibu hilo lilikuwa linaniudhi sana. Niliona ni jibu la watu wasiotaka kufikiri.

Likabaki tatizo moja, umeme. Ukiwasha, moto unafika kwenye plagi, mara unapotea. Unarudi, unapotea.

"Mpigie Yohana," baba akasema. "Zile nyaya anazijua yeye."

"Baba, hii ndiyo kazi niliyosomea. Mchoro wake upo mtandaoni, nimeshaupata."

"Mchoro wa pikipiki ipi?"

"Ya aina hii hii."

"Hii haina aina. Hii ni ya Yohana."

Nikacheka, nikadhani ametania. Kesho yake alikwenda kwenye msiba wa shemeji yake Uwemba, akaniambia nisubiri arudi. Sikusubiri. Nilivua tangi, nikatazama kilichokuwa chini yake, nikaona aibu kwa niaba ya fundi. Nyaya zote zilikuwa nyeusi. Hata moja haikuwa nyekundu, au ya kijani, au ya bluu, kama mchoro ulivyotaka. Na kila ncha ilikuwa imezungushiwa uzi wa sweta uliolowa oili, una mafundo mafundo, mchafu. Nikajiambia kwamba hapa ndipo moto utakapowaka siku moja tuungue. Nikakata zote. Nikazikusanya na nyuzi zake, nikazitupa kwenye moto wa takataka nyuma ya nyumba.

Jumapili jioni baba akarudi. Hakugomba. Aliinama, akatazama fremu iliyo wazi, akapapasa pale nyaya zilipokuwa.

"Nyuzi ziko wapi?"

"Nyuzi gani?"

"Za Mama Rehema."

Mama Rehema ni mke wa Fundi Yohana. Alikuwa anafuma masweta ya wanafunzi, na hapo ndipo nilipoelezwa. Macho ya Yohana hayatofautishi nyekundu na kijani. Tangu ujana wake alikuwa hivyo, na alikuwa anaficha, maana nani atampa fundi wa umeme kazi akijua hilo? Kwa hiyo alinunua waya mweusi tu, makusudi, akachukua mabaki ya nyuzi za mkewe, akafunga kila ncha kwa hesabu. Fundo moja ni taa. Mawili ni honi. Matatu yanakwenda kwenye swichi ya kuwashia, na kuendelea. Alikuwa anayasoma kwa vidole, hata gizani, hata kwenye mvua.

"Mbona hukuniambia?" nikauliza.

"Nilikuambia umpigie." Akakaa kwenye gunia. "Danieli, wewe unauliza maswali siku nzima. Unaniuliza mimi, unaiuliza simu yako. Aliyezifunga hukumuuliza hata moja. Mpigie leo."

Sikumpigia. Hilo ndilo la kwanza linaloniuma. Niliona nikimpigia nimeshindwa, na kwamba mzee aliyefunga nyaya kwa uzi wa sweta hawezi kunifundisha kitu. Siku nne nikahangaika na mchoro wangu, na kila siku nikagundua kitu kingine ambacho hakimo. Dainamo haikuwa yake, ilitoka kwenye gari. Betri ilikuwa na nguvu mara mbili ya ile iliyochorwa. Koili sikujua ilitoka wapi. Ule mchoro ulikuwa sahihi kabisa, isipokuwa haukuwa wa pikipiki iliyokuwa mbele yangu.

Alhamisi nikapiga.

"Kamwene, Mhandisi," Fundi Yohana akanisalimu. Sauti ilikuwa nyembamba, lakini ya mtu mwenye utani. "Nasikia umenivua nguo."

"Nisamehe, mzee."

"Tutaongea hayo ukija. Niambie kwanza, kabla hujakata, ugonjwa ulikuwa nini?"

"Moto ulikuwa unakuja unapotea."

Nikamsikia anavuta pumzi. "Chini ya tangi, upande wa kushoto, kuna nati ya namba kumi. Imeshika waya wa bodi, ule unaorudisha umeme kwenye fremu. Huwa inalegea ikikaa muda. Ilikuwa ni kuikaza tu."

Mwanangu, nilikuwa nimesimama karibu na mlango wa stoo. Nilitazama ile nati. Ilikuwepo pale pale, na kwa spana ya namba kumi ingechukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai.

Hakunicheka. Akasema, "Haya, una kalamu? Tuanze."

Basi kila asubuhi nilimpigia, naye akanisomea nyaya zake kutoka kichwani, amelala kitandani Makambako. Alikuwa anasema mbili tatu kisha anachoka. "Huu upitishe mbali na silinda, usije ukaiva. Huo uache mrefu kidogo, usukani unapozunguka unauvuta." Nilikuwa namuuliza kwa nini, na kila mara alikuwa na sababu. Kila sababu ilikuwa ni siku fulani aliyokwama mahali fulani. Sikuwahi kuwa na mwalimu wa namna hiyo, na nilikuwa nimempata akiwa amebakiwa na pumzi za kuhesabika.

Jumanne akapokea Mama Rehema. "Leo hawezi kuongea, baba. Amezidiwa."

Nikamwambia baba. Akaingia ndani, akatoka amevaa koti lake la safari na begi mkononi. "Napanda basi."

Na hapa ndipo penye kosa langu lenyewe. Kukata nyaya ulikuwa ujinga, na ujinga wa kijana husameheka. Hili la pili sijui. Nilikuwa nimebakiza nyaya chache. Nilitaka tuingie kule uani na mlio, mzee asikie, anione mimi kwenye usukani, na yote niliyoharibu yafutike. Nikasimama mbele ya baba yangu nikasema, "Nipe siku mbili tu, baba. Itawaka. Ukienda na basi utamvunja moyo, yeye anasubiri pikipiki."

Basi la Makambako ni mwendo wa saa moja tu kutoka hapa. Angefika kabla ya chakula cha mchana. Alinitazama kwa muda, akaangalia pikipiki, kisha akaweka begi chini na kuvua koti. Aliniamini, mwanangu.

Fundi Yohana alifariki Alhamisi asubuhi. Pikipiki ilikuwa bado haijawaka.

Tulikwenda kumzika tukiwa tumekaa kiti kimoja ndani ya basi. Nilitazama miti ya miwati ikipita dirishani na sikuthubutu kugeuka. Uani kwa marehemu watu walikuwa wengi, mafundi wa mji mzima, bodaboda wamepanga pikipiki zao kando ya barabara. Mama Rehema alikuwa amekaa kwenye mkeka na wanawake wenzake. Baba akapiga magoti, wakashikana mikono.

"Mmekuja na nini, mwinjilisti?" akauliza.

"Tumekuja na basi, mama."

Akatikisa kichwa taratibu. Hakuwa na ubaya wowote, alikuwa anasimulia tu, kama wafiwa wanavyosimulia. "Tangu Jumanne alikuwa haongei vizuri, lakini masikio yalikuwa mazima. Kila pikipiki ikipita barabarani ananishika mkono nimwinue akae, asikilize. Hapa bodaboda zinapita nyingi. Nilimwinua na kumlaza siku mbili. Anasikiliza, anatikisa kichwa, siyo yenyewe. Namlaza."

Baba akaendelea kumshika mikono. Hakunitazama, na ningependa angenitazama. Wakati wa neno la faraja walimpa nafasi, akaongea vizuri juu ya rafiki yake, juu ya mikono yake na safari zao. Juu yangu hakusema neno. Watu walituambia kwamba siku yake ilikuwa imefika, ni mapenzi ya Mungu. Mimi sikukubali siku ile na sikubali leo. Kufa kwake sikukusababisha mimi, hilo najua. Lakini zile siku mbili ambazo baba yangu hakuwepo pembeni ya kile kitanda, Mungu hakuziomba. Niliziomba mimi.

Pikipiki iliwaka baada ya mwezi mmoja. Waya wa mwisho, ambao Yohana hakuwahi kunieleza, niliupata kwa kubahatisha. Baba alitoka nje, akasimama kwenye jua akiisikiliza, kisha akasema, "Ndiyo, ndivyo ilivyokuwa inalia." Akarudi ndani. Hajaipanda tangu siku hiyo.

Sasa nikuambie ninachotaka ukibebe. Usiache kuuliza maswali. Wako watakaokuambia kwamba kosa la baba yako lilikuwa kujua mengi au kudadisi mno, wala usiwasikilize. Nilidadisi kidogo mno. Ukikuta kitu kimefanywa kwa namna usiyoielewa, na unaona ni uchafu au ushamba, mtafute aliyekifanya umuulize, ndipo ushike plaizi. Kama hayupo, waulize waliokaa naye. Hata ukija kugundua kwamba alikosea, utakuwa umekosoa kitu unachokijua.

Na siku utakapokuwa umeharibu, kwa sababu utaharibu, sema mapema. Usimwombe mtu akusubiri ili aone umetengeneza. Mwache aende kwa anayempenda na mikono mitupu, kwa basi, kwa miguu, kwa chochote kinachoondoka sasa hivi. Heshima yako itangoja. Mgonjwa hangoji.

Mungu akukuze, mwanangu, akupe akili yenye maswali na moyo usioona haya kuyauliza. Akupe watu wanaojua, wawe karibu nawe, na ufike kwao wangali wanasikia.